VICTOR HESS, MTU ALIYEPANDA JUU KUPIMA MIONZI



Sisi wote tumekwisha kujifunza ya kuwa kuna mawe yanayotoa mionzi, kama yale ya Shinkolobwe kule Katanga. Lakini iko mionzi mingine inayotoka juu, na aliyeivumbua ni Victor Hess. Tunawaeleza maisha yake kwa kifupi.

Alizaliwa tarehe 24 Juni 1883 huko Waldstein, katika Austria. Akiwa kijana alifanya kazi Vienna, katika nyumba ya kuchunguza radiamu. Wataalamu wa siku zile walikuwa na chombo chenye nyuzi mbili zilizotiwa umeme. Nyuzi hizo husukumana. Mionzi ikipita, umeme hupungua na nyuzi zinakaribiana. Ajabu ni kwamba hata mbali na radiamu umeme ulikuwa unapungua tu. Karibu wote walisema mionzi hiyo inatoka udongoni. Basi, ukipanda juu, lazima ipungue. Mwaka 1910 Theodor Wulf alipima juu ya mnara wa Eiffel, karibu mita 300, na haikupungua vile alivyotazamia.

Hess hakukaa chini kubishana. Alipanda mara nyingi katika puto. Tarehe 17 Aprili 1912 jua lilipatwa, naye alikuwa hewani. Mionzi haikupungua, kwa hiyo haikutoka kwenye jua. Tarehe 7 Agosti 1912 alipanda na wenzake wawili kupita mita 5,000, chini ya puto la haidrojeni, hewa inayowaka upesi. Kule baridi ni kali na mtu anaweza kuzimia. Kumbe mionzi ilikuwa karibu mara mbili kuliko pale chini! Ilitoka nje ya dunia.

Mwaka 1936 alipewa Zawadi ya Nobel pamoja na Carl Anderson. Mwaka 1938 Wanazi waliitwaa Austria, akafukuzwa kazi. Mke wake alikuwa wa asili ya Kiyahudi, wakakimbilia Marekani. Alifundisha Fordham, New York, akafa tarehe 17 Desemba 1964.

Leo tunajua zaidi. Hewa iliyo juu yetu hukinga kama maji yenye kina cha mita 10. Ni kama sisi wa Obokote tunakaa chini kabisa ya Lualaba, na mto unatufunika. Mtu duniani hupata, kwa wastani, milisiverti 2.4 kwa mwaka mzima. Chombo kilichosafiri kwenda Mars mwaka 2011 hadi 2012 kilipima karibu 1.8 kwa siku moja tu!

Ndugu, sisi wa mwaka wa sita tunakiri: katika majaribio ya fizikia tumewahi kuandika hesabu tuliyodhani mwalimu anaitaka. Hess angefanya hivyo, angeandika kwamba mionzi imepungua. Tuandike kile ambacho chombo kimeonyesha.