Rufus Isaacs, wakili aliyezifichua hesabu za ulaghai

Rufus Isaacs alizaliwa London mwaka 1860, mwana wa mfanyabiashara wa matunda. Mwaka 1884 alishindwa kulipa madeni yake katika soko la hisa, akageukia sheria. Ujuzi wake wa hesabu ukamjengea jina. Mwaka 1904 aliongoza mashtaka dhidi ya Whitaker Wright, aliyewalaghai wenye hisa kwa mizania za uongo. Serikali ilikuwa imekataa kumshtaki. Wright alihukumiwa kifungo cha miaka 7, akameza sumu na kufa papo hapo mahakamani.

Mwaka 1912 Isaacs, akiwa Mwanasheria Mkuu wa Uingereza, alinunua hisa za Marconi ya Marekani wakati serikali ikiafikiana mkataba na kampuni ndugu. Kamati ya Bunge ilimwondolea hatia, akawa Jaji Mkuu mwaka 1913. Alifariki dunia mwaka 1935, lakini kivuli cha hisa hizo hakikumwacha.