Saigilo: Kutoka Uaguzi hadi Mighani

Saigilo alikuwa mwaguzi wa Wadatoga katika karne ya 19, karne ambayo Wamasai waliwasukuma Wadatoga kutoka Ngorongoro kuelekea kusini, hadi nyanda za mlima Hanang. Uaguzi katika jamii hiyo haukuwa kipaji cha mtu binafsi tu. Ulikuwa amali ya koo maalumu, nayo ilihusu mvua, afya na usalama wa watu na mifugo.

Masimulizi ya baadaye yamemgeuza. Saigilo wa mighani hutabiri kuja kwa Wazungu, na wasimulizi humwongezea mambo yaliyokwisha kutokea. Utabiri wa aina hiyo, bila shaka, hueleza zaidi habari za msimulizi kuliko za mwaguzi. Nicolas Flamel, mnukuzi wa Paris aliyefariki mwaka 1418, naye aligeuzwa mwanaalkemia wa hadithi, lakini zipo nyaraka za kumrudisha katika maisha yake halisi. Saigilo hakuacha maandishi.

Lililo zito zaidi ni kwamba Wairaqw wa Mbulu nao humsimulia. Lugha yao ni ya Kikushi, ya Wadatoga ni ya Kiniloti, na baina yao kulikuwa na uhasama wa muda mrefu juu ya ng'ombe na malisho. Tena Wairaqw wana waaguzi wao wenyewe. Mmoja huitwa qwaslarmo. Hata hivyo, utabiri wa mwaguzi wa mahasimu wao umetunzwa katika masimulizi yao, kwa Kiiraqw.