Dkt. Hugh Trowell: daktari aliyejua kuwa mizani hudanganya

Kliniki ya watoto, iwe Nachingwea au Ruangwa, mzazi huangalia mizani kwanza. Uzito ukipanda, moyo unatulia. Lakini kuna mtoto ambaye uzito wake si afya. Leo tunamkumbuka daktari aliyehangaika na watoto wa namna hiyo.

Hugh Trowell alizaliwa Uingereza mwaka 1904. Alifika Kenya mwaka 1929, na mwaka 1935 akahamia Hospitali ya Mulago, Kampala, kutibu na kufundisha.

Wodini alikuta watoto waliovimba uso na miguu, nywele zimepauka. Ukiwatazama utadhani wanene, kumbe ni maji, na chini yake misuli imekwisha. Hawakucheza wala kucheka. Ulikuwa unyafuzi, ambao wengi tunauita kwashakoo.

Mwanzoni Trowell alikosea. Alidhani ni upungufu wa vitamini, akawapa vitamini, wasipone. Baadaye alikubaliana na Dkt. Cicely Williams, aliyekuwa Ghana, kwamba tatizo ni mtoto aliyeachishwa ziwa na kubaki na uji mtupu. Mwaka 1954 yeye na wenzake wawili walitoa kitabu kuhusu ugonjwa huo. Mtoto akitibiwa vizuri, maji hutoka na uzito hushuka kwanza. Kisha hutabasamu.

Kwa nini akili nayo huguswa? Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia kama asilimia 20 ya nguvu yote. Wa mtoto hukua kwa kasi tangu mimba hadi miaka miwili. Akikosa lishe wakati huo, kujifunza kwake huweza kuathirika.

Trowell aliondoka Uganda mwaka 1958, akawa kasisi wa Anglikana. Uzeeni, pamoja na Denis Burkitt, aligeukia upande wa pili: unene na kisukari vinavyofuata vyakula vilivyokobolewa. Leo inajulikana kuwa unene uliozidi, hasa ukiambatana na presha na kisukari, huumiza mishipa ya ubongo na kuongeza hatari ya kiharusi na ya kupoteza kumbukumbu uzeeni. Alifariki mwaka 1989.

Tubaki na hili: uji wa mtoto tuutie karanga, mbaazi, dagaa au yai. Na tukibonyeza miguu yake yote miwili kwa kidole, shimo likabaki, tumpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mizani inasema amenenepa.