Tippu Tip: Miaka arobaini njiani, kwao kulikuwa wapi?

Katika fiqhi ya Swala lipo suala ambalo wanafunzi wengi hulipita haraka, nalo lina hekima kubwa ndani yake. Ni suala la msafiri na mkaazi. Msafiri ameruhusiwa kuzipunguza Swala za rakaa nne akaziswali rakaa mbili. Lakini ni lini msafiri huacha kuwa msafiri? Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki tunayafuata, mtu akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia wala ya kutoka, huyo amekuwa mkaazi. Ama yule anayesubiri haja yake, akitaraji kuwa itamalizika leo au kesho naye aondoke, ruhusa yake huendelea hadi siku kumi na nane. Kwa upande wa Ibadhi, madhehebu ya Waomani wengi waliohamia Unguja, mtu ambaye hakuifanya sehemu aliyopo kuwa watan wake, yaani kwao, huendelea kupunguza hata miaka ikipita.

Msomaji ataona kuwa wanazuoni hawakuuliza mtu amejenga nyumba ngapi au ana mali kiasi gani. Wameuliza amenuia nini. Kwa kipimo hicho tumtazame mtu mmoja ambaye jina lake linajulikana kuanzia Unguja hadi Kisangani, na ambaye njia yake kuu ilipita Tabora: Hamed bin Muhammed bin Juma el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip.

Alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837. Kwa upande wa baba alikuwa na damu ya Oman na ya Mrima, kwani miongoni mwa mababu na mabibi zake wa upande huo alikuwamo mwanamke wa Mbwamaji, kusini kidogo ya Dar es Salaam ya leo. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili tu alikwishaanza kusafiri pamoja na ndugu na wajomba zake katika biashara ya sandarusi. Alipofika miaka kumi na minane baba yake alimchukua kwenda bara. Njiani akapatwa na ndui, akapona, akaendelea na safari mpaka Unyanyembe.

Hapa inafaa tusimame kidogo kwa baba, Muhammed bin Juma, kwa sababu bila yeye hatutamfahamu mtoto. Kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu katika Unyanyembe, palipoitwa Kaze, kilianza yapata mwaka 1852. Wazungu Burton na Speke walipofika hapo Novemba 1857, baada ya mwendo wa zaidi ya miezi minne kutoka pwani, walikuta tembe kubwa zenye bustani, na wenyeji wake wakila mchele, mkate wa ngano, vitunguu na matunda waliyolima wenyewe. Muhammed bin Juma aliweka makazi yake Ituru, jirani na Tabora. Alilima, na alimuoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Kwa ndoa hiyo akawa mkwe wa watu wa nchi, na mambo yao yakawa mambo yake, ya kheri na ya shari. Yeye alikuja kama msafiri, lakini alinuia kukaa.

Mtoto hakufuata njia hiyo. Kutoka Tabora alikwenda Ujiji, akavuka Ziwa Tanganyika hadi Urua, akarudi na pembe zake pwani. Mwaka 1867 alipigana na Nsama, mtawala wa Itabwa aliyeogopwa na wengi, akamshinda na kuchukua pembe nyingi na shaba. Katika safari hiyo ndipo alipokutana na Livingstone. Inasimuliwa kuwa jina la Tippu Tip lilitokana na mlio wa bunduki zake, ingawa wengine walisema ni kwa sababu ya kupepesa macho.

Yapata mwaka 1870 alitoka tena Unguja. Safari hiyo ilimchukua miaka kumi na miwili. Alimuacha nyumbani mkewe, Bint Salum bin Abdallah el Barwani, akafika Utetera, magharibi ya mbali katika Kongo ya leo. Huko alidai kuwa na udugu na Mtemi Kasongo Rushie kwa upande wa ukoo wa bibi yake, na mzee yule akamkubali na kumkabidhi utawala. Baadaye akaweka makao yake Kasongo katika Manyema. Mwaka 1874 alimsindikiza Mwingereza Cameron, na mwaka 1876 akamsindikiza Stanley kuteremka mto Kongo. Alirejea Unguja mwishoni mwa 1882, akipitia Tabora na msafara mkubwa wa pembe, baada ya kujenga maelewano na Mtemi Mirambo ambaye miaka ya nyuma aliwahi kuifunga njia hiyo kwa vita.

Mtu angedhani kuwa baada ya miaka kumi na miwili angepumzika. Hakupumzika. Mwaka 1883 alikuwa njiani tena, safari hii akiwa na matakwa ya Sayyid Barghash ya kuishika nchi ile kabla Wazungu hawajaichukua. Alifika hadi maporomoko ya Stanley, karibu na Kisangani ya leo. Akarudi Unguja 1886. Februari 1887 akakubali kuwa gavana wa maporomoko hayo kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kwa mshahara wa paundi 30 kwa mwezi, akapanda meli pamoja na Stanley, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema mpaka mdomo wa mto Kongo. Alirudi pwani kwa mara ya mwisho 1891, mgonjwa na amechoka, huku Stanley akiwa amemfungulia kesi ya kudai paundi 10,000.

Ukihesabu, kuanzia safari zile za sandarusi hadi 1891, ni miaka arobaini na zaidi. Katika muda huo alikuwa na nyumba Unguja, watu wake Tabora, utawala Utetera, mji Kasongo na ngome kwenye maporomoko. Je, ni kwa sababu gani mtu mwenye nyumba nyingi namna hiyo hakutulia katika hata moja?

Jibu la haraka ni kusema kuwa alipenda safari. Jibu hilo halitoshi. Ukiangalia namna biashara ile ilivyoendeshwa utaona kuwa haikumruhusu mtu kutulia. Kwanza kulikuwa na deni. Mfanyabiashara alichukua vitambaa, shanga, bunduki na baruti kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, na kwa upande wa Tippu Tip tajiri wake mkubwa alikuwa Taria Topan. Deni hilo lililipwa kwa pembe. Asiyepata pembe za kutosha aliona aibu na hasara kurudi, na aliyezipata alilipa kisha akakopa zaidi.

Pili, pembe si mpunga. Mpunga ukivunwa utapandwa tena pale pale. Tembo akiuawa amekwisha, na waliobaki hukimbia mbali zaidi. Kwa hiyo pembe zilipoadimika Unyanyembe, watu walisogea Ujiji, zilipopanda bei Ujiji wakavuka ziwa, na Manyema ilipoanza kukauka wakaendelea kwenye misitu ya kaskazini. Biashara ya namna hiyo hula mahali ilipo, kisha humlazimisha mwenyewe kuhama.

Tatu, na hili hatuna budi kulisema bila ya kulizungusha, biashara ile iliandamana na kuwateka watu. Vijiji vya Manyema vilishambuliwa na watu wakachukuliwa. Wengine walibebeshwa pembe, wengine waliuzwa, wengine walipewa bunduki wakawateke wenzao. Ni kweli kuwa wapagazi wengi wa njia ya Tabora walikuwa Wanyamwezi huru waliolipwa ujira. Ni kweli pia kuwa wapo waliomwandika Tippu Tip kana kwamba dhulma ya Kongo ilianza na kuishia kwa Waarabu, wakanyamaza kuhusu Leopold, ambaye utawala wake uliwaangamiza Wakongo kwa mamilioni katika kutafuta mpira na pembe. Ubaguzi huo katika kuandika historia tuna haki ya kuukataa. Lakini dhulma ya Leopold haiifanyi dhulma ya mwingine kuwa halali. Kumkamata mtu huru na kumuuza ni dhambi nzito katika dini yetu, na hakuna nasaba wala kilemba kinachoifuta. Muislamu anapoulizwa habari za Tippu Tip hapaswi kumtetea kwa sababu tu aliswali, kama ambavyo hapaswi kukubali kuwa alichokifanya ndio Uislamu.

Na hapa ndipo ninapoona ibra ya maisha yake. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa ni kuwang'oa wengine katika makazi yao, naye hakupata kuota mizizi popote. Alichokijenga Kongo kwa zaidi ya miaka ishirini kilianguka kwa muda mfupi sana. Vita baina ya Wabelgiji na Waarabu vilianza 1892. Nyangwe ilitekwa Machi 1893, na Kasongo Aprili mwaka huo huo. Mwanawe, Sefu, aliuawa 1893. Tabora nako Wajerumani walikwishapandisha bendera yao 1890, na Mtemi Isike alikufa Januari 1893 akipigana nao ndani ya ngome yake. Tippu Tip alikuwa Unguja akisikia habari tu. Alibakiwa na mashamba yake na nyumba yake ya Shangani. Huko ndiko alikoandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, habari za maisha yake, ambazo Mjerumani Heinrich Brode alizichapisha mwaka 1902 na 1903. Kitabu hicho kimejaa njia, vita, bei na watemi. Habari za nyumbani ni chache mno. Alifariki Juni 1905.

Sasa tuwaangalie wengine waliopita njia ile ile. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wasafiri wakubwa kuliko watu wote. Kijana ambaye hakufika pwani alionekana bado hajawa mtu mzima. Lakini wengi wao walifunga mizigo mvua zilipokwisha, wakajitahidi kurejea kabla ya msimu wa kulima. Kwao safari ilikuwa na mwisho, na mwisho wake ulikuwa shamba na watoto.

Waangalie pia Wamanyema. Wengi wao hawakuchagua safari, waliletwa. Baadhi walikuja kama wapagazi na askari, na wengi walikuja kama watumwa. Lakini walipofika Ujiji na Tabora, na baadaye Dar es Salaam, walinuia kukaa. Walijenga mitaa, wakasimamisha misikiti, wakasomesha watoto vyuoni. Na kule Kasongo, baada ya wakubwa wa pembe kuondoka au kuuawa, ni watu wa kawaida waliobaki na Swala tano na lugha ya Kiswahili, chini ya serikali ya kikoloni isiyowapenda, na Manyema ingali na Waislamu wengi hadi leo. Dini katika njia hii haikuhifadhiwa na wenye bunduki nyingi. Ilihifadhiwa na walimu wa chuo, akina mama, na walioachwa huru, watu ambao majina yao hayakuandikwa.

Ndugu zangu, habari hizi si za karne zilizopita peke yake. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na msafara wa miguu ukafa. Lakini msafiri hakufa. Leo tunao madereva wa malori ya Kongo, vijana wa machimbo, na wafanyabiashara wa Dubai na Guangzhou. Wengi wanatafuta halali, na kutafuta halali ni ibada. Tatizo ni pale mwaka mmoja unapokuwa mitano, mke hajui kama ni mke au mjane, watoto wanamjua baba kwa sauti ya simu, na kila anapoulizwa atarudi lini anajibu kuwa bado haja haijamalizika. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa safari ni sehemu ya adhabu, humnyima mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, na kwamba aliyekwisha maliza haja yake na afanye haraka kurudi kwa watu wake. Mafunzo hayo hayakukataza safari. Yameiwekea mpaka.

Kwa hiyo kila anayesafiri ajiulize mambo matatu kabla deni na tamaa havijamjibia. Haja yangu ni ipi, na nitajuaje kuwa imekwisha? Biashara yangu inajenga mahali ninapopita, au inapakausha na kunisukuma mbele? Na watu wangu wana haki gani juu yangu leo, si siku nitakayotajirika? Muhammed bin Juma aliyajibu kwa shamba la Ituru. Mwanawe aliyaacha bila majibu kwa miaka arobaini, na alipotulia hakuwa amechagua kutulia, bali njia ilikuwa imekwisha.

Wabillahi tawfiq.