Eduard Henoch: Daktari aliyefuata madoa ya ngozi hadi kwenye figo

Mtoto anatoka madoa mekundu miguuni na makalioni. Tumbo linamsokota, magoti yanavimba. Nyumbani wanasema mbu, au mzio. Daktari Mjerumani Eduard Henoch aliona zaidi ya hapo, na alichokiona bado kinawahusu wazazi wa Handeni na Korogwe.

Henoch alizaliwa Berlin mwaka 1820 kwenye familia ya Kiyahudi, akasomea udaktari hukohuko. Mwalimu wake, Johann Schönlein, alikuwa ameshaeleza mwaka 1837 kwamba madoa hayo huambatana na maumivu ya viungo.

Mwaka 1868, Henoch akaeleza kwamba madoa na maumivu ya viungo huweza kuambatana pia na tumbo kuuma na choo chenye damu. Kumbe ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1872 akakabidhiwa idara ya watoto katika hospitali ya Charité, akaiongoza hadi 1893.

Hakuishia hapo. Mwaka 1899, akiwa ameshastaafu, akaongeza kwamba figo nazo hushambuliwa. Ilimchukua miaka 31 kufika hapo.

Kwa lugha nyepesi, kinga ya mwili huvimbisha mishipa midogo ya damu, na kichujio cha figo kimejaa mishipa hiyo. Watoto wengi hupona. Ila figo zikiumia, huumia kimyakimya, mara nyingi wiki kadhaa baada ya madoa kutoka.

Kipimo cha damu kilichozoeleka, kreatinini, kinaweza kuonekana sawa hata kama karibu nusu ya uwezo wa figo umepotea. Watafiti wanatafuta alama za mapema zaidi kwenye damu, ikiwemo sistatini C.

Kwa sasa, kijiti cha kupimia mkojo ndicho kinachowahi: kinaonyesha damu na protini ambazo macho hayaoni. Mkojo na presha hupimwa tena na tena, kwa kawaida hadi miezi 6.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Kutoka kijijini Handeni, kumrudisha hospitali mtoto anayecheza vizuri huonekana ni kupoteza nauli tu.

Henoch alifariki Dresden mwaka 1910, akiwa na miaka 90. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilikuwa imeshapita Korogwe. Madaktari wengi bado wanauita ugonjwa huu kwa jina lake na la mwalimu wake: Henoch-Schönlein.

Madoa yakiisha, usiache kupima mkojo.