Charlot: kucheka ilikuwa kazi yake

Ndugu wa mugodi na jamaa zenu, Charlie Chaplin, ule sisi wote tunamuita Charlot, alizaliwa London mwaka 1889. Baba alikuwa mulevi, mama mwimbaji aliyepoteza sauti. Akiwa na miaka 7, njaa iliwapeleka yeye, mama na mukubwa yake mu nyumba ya kuchunga maskini.

Mu 1914, kule Marekani, alivaa suruali pana, viatu vikubwa na kofia ndogo, akakamata fimbo. Dunia yote ikacheka. Umaskini aliokulia ndani yake, akaufanya kazi ya maisha.

Mu 1936 akatoa filimu Les Temps modernes. Mule anakaza mabuloni siku nzima, mupaka mikono inajikaza yenyewe. Tena patron anajaribu mashini ya kulisha mutumikaji, juu saa ya kula ipunguke! Tunacheka, kisha tunanyamaza: ule ni sisi.

Alikufa Uswisi, siku ya Noeli 1977. Siku watatupunguzia saa ya kula, tumukumbuke. Tucheke, lakini tusiende bila kusema neno.