Akii-Bua: Bingwa wa Olimpiki Aliyelala Kambini

Ndugu wanamemba na marafiki mnaotusaidia, wengi wenu mnajua barabara ya Kasindi mpaka Kasese na Kampala juu ya biashara. Safari hii tuvuke mupaka, tumuangalie mutu mumoja wa kule. Alikuwa bingwa wa dunia, halafu akawa mukimbizi, halafu akarudi kwao.

John Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949, katika eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu, mwenye bibi wengi na watoto kupita 40. Michezo ilikuwa ndani ya jamaa: ndugu yake Lawrence Ogwang alienda Olimpiki ya 1956 kushindana katika kuruka, na mwingine, Denis Obua, alichezea timu ya taifa ya kandanda. John aliacha masomo mapema. Kazi ya polisi ndiyo ilimufungulia mulango, sababu polisi ilikuwa na timu ya mbio. Kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, alifika Uganda mwaka wa 1968, akamusukuma kwenye mita 400 za kuruka viunzi. Ni mbio ngumu sana: viunzi kumi, mwendo wa kasi, na hakuna nafasi ya kupumua. Akii-Bua alifanya mazoezi akiwa amejifunga muzigo mwilini, ili siku ya mashindano ajisikie mwepesi.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 2 Septemba 1972, muji wa Munich, Ujerumani. Walimupa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali na wakimbiaji hawaipendi. David Hemery wa Uingereza, mwenye rekodi ya sekunde 48,12, alikuwa palepale. Akii-Bua alimaliza kwa sekunde 47,82. Hakuna mutu alikuwa amewahi kushuka chini ya 48. Alafu hakusimama! Aliendelea kuzunguka uwanja na bendera, akirukaruka kwa furaha. Ilikuwa zahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki.

Hapa ndipo habari inakuwa nzito. Rais Idi Amin alimupokea kwa shangwe, akamupandisha cheo, akamupa nyumba Kampala. Lakini Akii-Bua alikuwa Mulango, kabila linalohesabiwa karibu na Obote, na Walango wengi walikuwa wanauawa wakati uleule. Amin alimutumia kama mufano: muone, huyu Mulango anaishi vizuri. Basi bingwa akawa kati ya moto mbili. Alikuwa na sababu ya kuogopa serikali, na alikuwa na sababu ya kuogopa wale watakaokuja kuiangusha. Mwaka wa 1976 hakupata nafasi ya kutetea zahabu yake Montreal, sababu nchi nyingi za Afrika ziligomea michezo ile juu ya Afrika Kusini, na Uganda ilikuwa moja yao. Edwin Moses wa Marekani akachukua zahabu na rekodi pia, kwa 47,63.

Mwezi wa 4 mwaka wa 1979, Kampala ilianguka. Akii-Bua alikimbilia Kenya na jamaa yake, akiogopa kuitwa mutu wa Amin. Wanamemba wetu waliorudi vijijini wanajua swali lile: ulikuwa wapi, ulikula na nani? Kule Kenya aliwekwa katika kambi ya wakimbizi. Medali haikumukinga. Musaada ulitoka kwa Puma, kampuni ya viatu alivyokuwa anavaa: ilimutoa kambini, ikamupeleka Ujerumani, ikamupa kazi. Mwaka wa 1980 alikimbilia tena Uganda huko Moscow, safari hii kwa maana nzuri ya neno, lakini hakufika fainali.

Angeweza kubaki Ulaya. Alirudi, akaingia tena polisi, akawa kocha wa vijana. Sisi tunaofanya kazi na waliorudi tunaona hii ndiyo sehemu kubwa ya maisha yake kupita ile ya Munich, hata kama magazeti yaliiandika kidogo.

Alikufa tarehe 20 Juni 1997, akiwa na miaka 47. Bibi yake alikuwa amekwisha kutangulia, na watoto 11 walibaki. Serikali ilimuzika kwa heshima za taifa, na uwanja wa Lira una jina lake. Zahabu nyingine ya Olimpiki, Uganda iliingoja mpaka 2012, wakati Stephen Kiprotich aliposhinda maratoni London.